Ruiru Imepita Kisumu kwa Watu, Lakini Doh Yake Inapangwa na Nani?

Tuanze na namba, juu kwa hii stori namba ndio huleta doh.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru. Kisumu, jiji kabisa na ziwa lake na airport yake, ilipata 397,957. Eldoret, yenye ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ilikuwa na 475,716. Yaani ule mji wasee wengi huona tu kupitia dirisha la mat wakienda Thika umeshinda majiji mawili ya Kenya kwa idadi ya watu. Na kwa sensa ya 2009, Ruiru ilikuwa na 238,858. Miaka 10 tu, watu wakawa mara mbili na chenji juu.

Sababu unaijua. Thika Superhighway ilifunguliwa Novemba 2012, Nairobi ikawa karibu, mashamba ya kahawa yakakatwa plot, plot zikaota flati. Keja ziliongezeka haraka kuliko mitaro, na taka ikaongezeka haraka kuliko malori ya kuibeba. Ukitoka kwa lami kubwa ukaingia ndani Kihunguro ama Githurai 45 siku ya mvua, huhitaji kusomewa na mtu.

Sasa swali ni hili: kukiwa na pesa za kurekebisha hii miji, nani hukaa chini kuamua ziende wapi? Na wewe mwenye unalipa rent hapo uko wapi hiyo siku?

Hii doh hutoka wapi?

Wengi wetu tunajua doh ya kaunti ni ile Nairobi hugawa kila mwaka, governor anapewa, anatumia, tunalalamika. Lakini kuna mkoba mwingine unaitwa ruzuku zenye masharti. Hii ni pesa inakuja na kazi yake imeandikwa juu. Huwezi kuichukua ya mtaro ukalipa nayo mishahara.

Kwa miji, ruzuku kubwa zaidi imekuwa ya KUSP, Kenya Urban Support Program. Benki ya Dunia iliipitisha Julai 2017, dola milioni 300, kwa kaunti 45. Nairobi na Mombasa ziliachwa nje. Na kabla useme "asante wazungu", hiyo ni mkopo. Italipwa na ushuru, pamoja na ule unakatwa kwa bando zako.

KUSP ilikuja na bahasha mbili za kaunti. Ya kwanza ilikuwa ya kutengeneza ofisi: kuandika mipango, kuajiri watu, kuwafunza kazi. Mwaka wa fedha wa 2017/18 kila kaunti iliwekewa shilingi milioni 41.2. Bahasha ya pili ndio tamu, ya kujenga vitu vyenyewe. Na hii ya pili hesabu yake ilifuata idadi ya watu wenye wanaishi mjini.

Rudia hapo pole pole. Ilifuata idadi ya watu. Haikuuliza nani ako na title deed ama nani alizaliwa hapo. Wewe msee wa bedsitter, mwenye ulihama kutoka Kakamega ama Kitui ukatafuta keja ya bei poa Ruiru, ukihesabiwa, kichwa chako kinaingia kwa hesabu sawa na cha landlord wako.

Masharti nayo yalikuwa mob. Mji lazima uwe manispaa yenye hati yake, uwe na bodi, meneja na mpango wa maendeleo. Ukipita hapo, doh inaweza kuenda kwa vitu kama taka, mitaro ya maji ya mvua, barabara na njia za kutembea, taa, soko, stage za mat, na zimamoto. Kuna awamu ya pili ya KUSP pia, kwa hivyo hii si stori ya kale.

Kuna ndugu yake anaitwa KISIP, ya mitaa ya mabanda. Ilianza 2011, na Thika ilikuwa kwa ile orodha ya kwanza ya miji 15. KISIP hujenga barabara, mitaro na taa, na pia husaidia watu kupata karatasi za ardhi. Msee wa Kiandutu anajua uzito wa hiyo karatasi, juu bila hiyo hata choo unajenga ukiangalia nyuma.

Na tafadhali usichanganye hii na ile 1.5% yenye imekuwa ikikatwa kwa payslip. Hiyo ni Affordable Housing Levy, ya sheria ya Machi 2024, na mipango yake iko kwa serikali kuu. Hapa tunaongelea doh ya mitaa yetu yenye inapitia kwa kaunti na manispaa.

Wazee walikuwa na LASDAP

Muulize mzazi wako kama alikuwa Thika ama Ruiru miaka ya 2000. Kulikuwa na kanjo wa kweli, na meya na mnyororo wake shingoni. Tangu 1999 serikali ilikuwa inatoa 5% ya ushuru wa mapato kwa mfuko wa LATF, ikipelekea mabaraza ya miji. Kuanzia 2001 baraza likitaka hiyo doh yote lilifaa kuita watu, wachague miradi, na hiyo orodha iliitwa LASDAP.

Ilikuwa safi? Zii. Kuna madiwani walijaza vikao na mabeshte wao. Lakini kitu kimoja kilikuwa wazi: ukitaka kugombana juu ya pesa za Thika, ulienda town hall ya Thika.

Uchaguzi wa 2013 ulipofika, mabaraza yakazikwa na katiba mpya. Ofisi zikahamia makao ya kaunti, Kiambu town. Kutoka Thika hadi Kiambu kuuliza taa ya mtaa ni nauli na siku nzima ya kazi imepotea. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 ilikuwa inasema miji iwe na bodi zake, lakini kaunti nyingi zililala na hiyo sheria miaka kadhaa. Hakuna governor alikuwa na haraka ya kugawa mamlaka. KUSP iliposema hakuna bodi hakuna doh, ghafla kila mtu akapata mwanga.

Hapo ndipo shida ya leo ilianzia. Bodi nyingi zilizaliwa ndio doh iingie. Kusikiza watu ilikuja nyuma.

Nani hukaa kwa hiyo meza?

Bodi ya manispaa ina viti 9. Kuna watu wa kaunti, kuna wenye governor huchagua na bunge la kaunti linapitisha, na kuna nafasi za makundi: wataalamu, sekta ya kibiashara, jua kali, na vyama vya wakaazi.

Kwa karatasi hiyo ni fiti. Lakini jiulize, chama cha wakaazi kwa mtaa wako kiko? Kwa estate yenye gate na watchman, kiko, na kina chairman, treasurer na WhatsApp group yenye haina mchezo. Kwa flati ya keja 40 huko Mwihoko, watu hawajui hata jina la jirani. Caretaker ndio chama.

Ndio maana nasema tenant wa Ruiru na Thika anachezwa mara mbili. Kichwa chake kinasaidia kuleta doh, alafu siku ya kupanga doh ye mwenyewe anajiona mgeni. "Mimi sina plot hapa, hiyo ni mambo ya wenyewe." Wenyewe nao wanaenda, na wanaongea mambo ya wenyewe: lami ipite karibu na plot yangu. Ikipita, mwezi wa pili unapata barua kwa mlango, rent imeongezwa. Sisemi lami ni mbaya. Nasema kama ungekuwa kwa kikao, pengine ungesema anza na mtaro, ama stage, ama zile taa za njia dada zetu hupitia saa nne usiku wakitoka job.

Kalenda yenye itakushtua

Sisi hupiga kelele wakati contractor amefika na kibao cha mradi. Hapo umechelewa karibu miaka miwili.

Angalia venye huenda. Sheria ya pesa za umma ya 2012 inasema kaunti ipeleke mpango wa mwaka kwa bunge lake kufikia Septemba 1. Huu ndio unataja miradi na bei zake, na ni wa mwaka wa fedha wenye utaanza Julai inayofuata. Kufikia Februari 28 inapeleka karatasi ya kuweka mipaka, yaani kila idara isipite kiasi gani. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanaenda bungeni. Juni 30 kila kitu kinafaa kuwa kimepitishwa.

Kwa hivyo mtaro wenye unataka uchimbwe 2027 lazima uwe umeandikwa mahali mwezi wa nane 2026. Ukikosa hapo, MCA atakuambia "tutaangalia" na hatakuwa anadanganya sana, juu kweli hakuna laini ya bajeti.

Juu ya hiyo, ruzuku zina mlango mwingine. Lazima Seneti na Bunge la Taifa wapitishe sheria ya mgao wa ziada ndio doh iende kaunti. Mwaka wa fedha wa 2024/25 hao wawili walivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa mafuta wa barabara, na mswada mzima ukakwama, pamoja na ruzuku zenye hazikuwa kwa hiyo vita. Mradi ukisimama mtaani, si kila saa ni mtu amekula. Saa zingine doh iko Nairobi inangoja sahihi. Ni poa kujua tofauti, ndio ujue unakasirikia nani.

Marekani wako na kitu kinafanana na hii, Community Development Block Grant, tangu 1974. Mji ukiitaka unaandika mpango wa miaka 3 hadi 5, alafu wa kila mwaka. Rasimu inaanikwa siku 30 raia waisome, na maoni yenye yamekataliwa lazima mji uandike ni kwa nini. Angalau 70% ya doh lazima isaidie watu wa kipato cha chini na cha kadri. Huko pia kuna shida zao. Lakini hiyo ya kuandika kwa nini maoni yako yalikataliwa ni kitu tunaweza kudai hapa bila kungoja Benki ya Dunia.

Na Thika ikiwa jiji?

Hii mada inapendwa sana. Marekebisho ya sheria ya 2019 yalishusha kiwango cha jiji kutoka watu 500,000 hadi 250,000. Sensa ya 2019 ikapatia Thika 251,407. Imepita na watu 1,407, kama msee amepata D+ kwa maksi moja. Ruiru kwa idadi pekee inapita mara karibu mbili.

Lakini jina la jiji haliji na akaunti mpya ya pesa. Mgao mkuu bado unaenda kwa kaunti, na kaunti ndio hukatia jiji ama manispaa. Kama bodi ya sasa haiskizi mama mboga wa Makongeni, kuibadilisha jina iwe bodi ya jiji haitaifungua masikio. Kitu kitapanda mara moja ni bei ya plot, na tumeshaona rent hufuata nini.

Form ni gani?

Kwanza, mwezi wa saba na wa nane tafuta tangazo la kikao cha mpango wa mwaka. Huwa kwa magazeti, kwa website ya kaunti, na kwa ofisi ya wadi. Enda na watu 10 wa flati yenu na ombi moja, liandikwe. Watu 10 wakisema kitu kimoja huwa ngumu kuwaruka.

Pili, ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na ni za bure kwa intaneti. Zinaonyesha Kiambu iliwekewa ruzuku gani na ilipokea ngapi. Hapo utajua kama doh ilifika.

Tatu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupatia haki ya kuuliza manispaa karatasi za mradi, na inafaa ikujibu ndani ya siku 21. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Title deed haihitajiki, ukiwa raia wa Kenya una hiyo haki.

Mwisho, mpango wa sasa wa kaunti wa miaka mitano unaisha 2027, mwaka wa uchaguzi. Wenye wataingia ofisini wataandika mwingine wa kutufikisha 2032. Wakati wa kampeni watakuja Ruiru na Thika na mablanketi na mia mbili mbili. Waulize mtaro wa mtaa wako utakuwa ukurasa gani.