Stempu za Unguja na Ghishi ya Mnada



Mmoja wetu hapa Sundbyberg alinunua mtandaoni, kwa bei kubwa, stempu ya Zanzibar yenye maneno "JAMHURI 1964". Ilipomfikia, ikabainika kuwa ni stempu ya kawaida ya mwaka 1961, yenye picha ya Sultani, iliyogongwa muhuri wa bandia.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizosalia posta ziligongwa maneno hayo kwa mihuri ya mkono. Kilichogongwa kwa mkono ni rahisi kuigwa, na hapo ndipo walaghai hupata mwanya. Hata zile za India zilizopigwa chapa "Zanzibar" mwaka 1895 zimeghushiwa tangu zamani.

Basi tudai picha ya mbele na ya nyuma, pamoja na cheti cha mtaalamu. Tuhifadhi maelezo ya muuzaji. Tukumbuke kuwa sheria ya Sweden humpa anayenunua kwa mfanyabiashara mtandaoni siku 14 za kughairi. Anayenunua kwa mtu binafsi hana haki hiyo.

Nasi tunaouza barua za babu zetu, tutaje ila kabla ya bei. Mali ya ghishi haina baraka.