Mcheza Kwao Hutunzwa

Kutoka Bugarama, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, milima ya Kongo huonekana kwa macho, na muziki wa ng'ambo ile haujapata kuhitaji pasi. Ndiyo maana wapenzi wa Wenge Musica hulalamika juu yake kama watu wamsemao jamaa aliyebadilika tabia.

Bendi hiyo iliundwa na vijana wa Kinshasa mwaka 1981. Katika miaka ya 1990 ilipendwa kwa sauti zilizopokezana kwa upole kabla ya magita kuchachamaa. Desemba 1997 ikagawanyika: JB Mpiana akaendelea na Wenge BCBG, Werrason na wenzake wakaanzisha Wenge Musica Maison Mère. Tangu hapo, wasema wapenzi wake, uimbaji ulipungua, kelele zikazidi, na majina ya matajiri yakatajwa kama askari waitwavyo gwarideni.

Lawama hiyo ina sehemu mbili, wala haifai kuzichanganya. Kelele si jambo geni: Zaiko Langa Langa iliingiza atalaku katika miaka ya 1980, na Wenge ile ile iliyopendwa ilikuwa na wake. Anayezichukia leo huenda anaulilia ujana wake. Bali majina yaliyolipiwa, yaitwayo mabanga, ni jambo jingine. Wimbo wa mapenzi hukatizwa ili mfanyabiashara asifiwe, na hapo msikilizaji ana haki ya kuchukizwa.

Lakini mabanga nayo yana chanzo. Kanda zilinakiliwa na kuuzwa mitaani bila mwanamuziki kupata chochote. Aliyebaki kumlipa ni tajiri apendaye jina lake lisikike. Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Asipotunzwa na wa kwao, atamchezea amtunzaye. Mzazi anung'unikaye mbele ya wanawe, naye zamani alinunua kanda za kunakili kwa kuwa ni rahisi, ana fungu lake katika hasara anayoililia.

Tarehe 30 Juni 2022 wanamuziki wa Wenge ya awali walipanda tena jukwaa moja katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa. Onyesho moja, hata likifana, haliwezi kurudisha miaka ishirini na mitano. Yafaa basi wazazi wawasikilizishe watoto nyimbo za zamani pasipo kuzitukana za sasa, na kijana ampendaye mwimbaji wa leo afundishwe kuilipia kazi yake kwa haki. Wimbo uliolipiwa na wasikilizaji wengi haulazimiki kumsifu mtu mmoja.