Vumbi lenye kujificha katika motokari

Mwezi huu ukurasa wetu wa Kazi za Nyumbani unatoka nje kidogo na kuingia ndani ya motokari. Pengine mmoja atasema: «Lakini sisi hatuna motokari.» Ni kweli, lakini unapanda taksi, ao bisi, ao motokari ya mjomba. Tena kijana mwenye kujua kazi hii vizuri hakosi franga ya kununua madaftari.

Siku ya Posho wengi tunaosha namna hii: ndoo mbili za maji nje, kitambaa juu ya tablo, tapi tunazipiga kwenye ukuta, basi! Motokari inang'aa. Sasa ingiza kidole kati ya kiti na mlango, ao pale kiti kinapokutana na mgongo wake. Angalia kidole kinatoka na rangi gani.

Utaniambia: «Ile ni vumbi tu, haiko neno.» Ndugu msomaji, kwetu iko neno. Njia kubwa inayotoka Kolwezi, kupita Likasi na Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, inabeba malori ya madini usiku na mchana. Vumbi lake si udongo mtupu, linaweza kuwa na shaba, kobalti na hata risasi. Katika mwaka 2018, wenye elimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza mambo waliyopima Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Mkojo wa watoto wa mtaa ule ulikuwa na kobalti karibu mara 10 kupita ya watoto wa mtaa usio na machimbo. Vumbi liliwafuata nyumbani.

Motokari ni mlango mmoja wa vumbi hilo. Baba anatoka kazini, viatu vyake vinaliacha chini ya kiti. Kesho mtoto anaketi pale, biskuti inaanguka katika ufa wa kiti, anaiokota, anaila. Ndiyo maana tunasafisha nyufa kwanza, si kioo.

Basi tufanye namna gani?

1. Usipulize. Wengi wanapeleka motokari kwa kwado ili aipige upepo wa mashini. Vumbi linatoka katika ufa, ndiyo, lakini linaenda wapi? Linapanda hewani, linaingia katika pua yako, na lingine linarudi juu ya viti. Kama kuna mashini ya kuvuta vumbi, tumia mdomo wake mwembamba. Kama haiko, maji kidogo ndiyo dawa: vumbi lenye unyevu haliruki. Fungua milango yote, funga kitambaa puani, na watoto wadogo wakae mbali.

2. Toa vitu vyote. Sukuma viti mbele mpaka mwisho, angalia nyuma yake. Kisha virudishe nyuma, angalia mbele. Okota chupa, mawe, vizibo na karatasi. Usicheke chupa tupu: ikiviringika mpaka chini ya breki, mguu wa shofere unakanyaga lakini breki haishuki.

3. Tengeneza vyombo vyako. Hakuna haja ya kununua. Chukua rula ya zamani, ao kijiti cha bapa, ukizungushie kitambaa chenye unyevu na kukifunga kwa uzi. Hiki kinaingia kati ya kiti na mlango. Brosi ya meno iliyozeeka ni ya pembe na mishono. Brosi laini ya kupaka rangi, ukiichovya na kuikamua, inafaa matundu ya hewa ya tablo. Kwa nafasi ndogo zaidi, funga pamba kwenye njiti. Vuta uchafu kuja kwako, usiusukume ndani. Uwe na ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, ya pili ya kusuuza kitambaa kila mara. Kitambaa kichafu kinahamisha vumbi tu.

4. Reli za viti. Pale chini, kiti kinapotembea mbele na nyuma, mchanga unajaa mpaka kiti kinakataa kufunga. Kiti kisichofunga kinaweza kuteleza wakati wa kupiga breki. Toa mawe kwa kijiti, pangusa, acha ikauke, halafu paka grisi kidogo sana. Usitie mafuta ya kupikia, yanashika vumbi lingine. Kisha sukuma kiti kwa nguvu, usikie kimefunga: tak! Angalisho: usimwage maji chini ya kiti. Motokari nyingi zina nyuzi za umeme pale. Zile zenye vifungo vya rangi ya manjano ni za mifuko ya hewa yenye kufumuka wakati wa ajali. Usizichomoe.

5. Mikanda ya viti. Vuta mkanda wote mpaka mwisho na kuubana juu kwa kibanio cha nguo usirudi ndani. Uoshe kwa maji na sabuni laini, uukaushe vizuri kabla ya kuuachilia. Usitie javeli, inadhoofisha nyuzi za mkanda. Wala usitie mafuta ndani ya kifungio.

6. Kiti cha nyuma. Hapa ndipo chakula cha watoto kinakwenda kulala. Ingiza mkono polepole, kwani sindano na wembe pia vinapatikana pale. Ukiacha makombo, mende watakuja, na panya nyuma yao. Na panya anakula nyuzi za umeme.

Mwisho wa kazi, maji yale meusi utayamwaga wapi? Si katika bustani ya lengalenga, wala karibu na kisima. Yamwage katika choo ao shimo la taka, mbali na mahali watoto wanacheza. Vitambaa vya kazi usivifue pamoja na nguo za mtoto. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mkate.

Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, fanya hivi kila juma. Na mafundi wa machimbo, tunawaomba jambo moja: badilisheni viatu na nguo kabla ya kupanda. Kama haiwezekani, tandikeni gunia chini ya miguu, na mlioshe. Ni kazi ya dakika tano, lakini inapunguza uchafu wote tuliotaja hapa juu.

Kijana, Siku ya Posho ijayo usingoje kuitwa. Chukua rula na kitambaa, anzia kiti kile ambacho mdogo wako anaketi.