Nyumba Yetu: Lambri ao karo kwa ukuta wa dushi?

Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likirimba, mama mmoja wa kundi letu alinishika mkono mlangoni. "Dada, zamu yangu imefika. Ninataka kutengeneza dushi yangu mbele ya mtoto kuzaliwa. Niweke karo ao niweke lambri?" Nilimuuliza kwanza kama nyumba yake ni ya matofali ao ya mbao. Ni ya mbao. Basi nikamwambia: lambri, lakini usinunue bado.

Hapa Goma wengi tunakaa katika nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Mbao zinavimba wakati wa mvua, zinakauka wakati wa jua, na udongo wenyewe unatikisika. Mnakumbuka zile siku za Mei 2021. Karo haipendi kutikiswa. Ukiibandika juu ya mbao, simenti ya katikati inapasuka, na maji yanapita polepole bila wewe kuona. Iache kwa ukuta wa matofali, na fundi anayejua kazi yake. Lambri ya PVC ni nyepesi, inakatwa na msumeno mdogo, na mama pamoja na binti yake wanaweza kuipanga kwa siku moja.

Kwa nini asinunue bado? Sababu mimi nilinunua haraka. Nilipenda ile yenye sura ya marumaru, nikaipigilia juu ya mbao zilizokuwa zingali na maji. Miezi michache ilikuwa safi kabisa. Kisha harufu ikaanza. Nilisugua chini, nikamwaga javel, nikawagombeza watoto bure. Siku nilipobandua kipande cha kona, kidole changu kiliingia ndani ya mbao kama ndani ya mkate. Na ule ulikuwa ndio mguu wa ukuta unaobeba mabati! Lambri haikuharibika hata kidogo. Ilikuwa imenificha tu ubovu.

Kwa hiyo, anza na ukuta. Acha kuogea pale siku chache, fungua mlango upepo upite. Chukua kipande cha nailoni, kibandike kwenye mbao na skochi pande zote ine, ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone ndani, ukuta bado una maji. Choma mbao za chini na ncha ya kisu. Ile inayolegea, ibadilishe. Pesa kidogo ya likirimba ikipita hapo, usiione imepotea.

Sasa dukani. Bonyeza lambri na kidole gumba. Ile inayobonyea kirahisi ni ya plafon. Kwa ukuta ambao watoto wanaegemea, tafuta milimita 8 ao zaidi. Tazama mdomo wake: upande mmoja una ulimi, mwingine una mfereji, na vipande viwili vinapaswa kuingiana mbele yako, bila kulazimishwa. Triplex iliyopakwa rangi ni bei ya chini, ndiyo, lakini maji yakiipata kwenye ncha inafunguka kama kitabu.

Hesabu yake si ngumu. Dushi yenye kuta 3 za sentimita 90 inafanya mita 2 na sentimita 70. Lambri ya upana wa sentimita 25 inaomba vipande 11. Nyingi zinauzwa zikiwa na urefu unaopungua kidogo mita 6, kwa hiyo ukikubali kimo cha mita 1 na sentimita 90 unapata vipande vitatu kwa lambri moja, na lambri 4 zinatosha. Ukitaka mita 2 kamili, unapata viwili tu, unalipa 6! Pima dukani na metre yako mwenyewe, usitegemee ya muuzaji.

Zipange zikisimama, maji yateremke. Chini yake pigilia kwanza mbao nyembamba zilizolala, kila sentimita 40. Anza konani. Vijiti weka kwenye ule ulimi, ili kipande kinachofuata kifunike kichwa chake. Usigusishe lambri na simenti ya chini: acha nafasi ndogo ya milimita chache, uijaze silikoni ya dushi. Jaza kona zote vilevile, na usioge mpaka siku ipite. Mtu akikosa pesa, apunguze uzuri wa rangi, asipunguze silikoni.

Na kisha mbabula isiingie humo, hata asubuhi ya baridi na mtoto mchanga. PVC inalegea kwa moto, lakini hilo ni jambo dogo: makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu. Pashia maji inje.

Mama wetu ameishabadilisha mbao mbili, na nailoni yake imebaki kavu. Anaanza Jumamosi, nimemwazima msumeno. Anayetaka kujifunza aje asubuhi mapema, angali anaweza kuona namna mbao za nyuma zimepangwa. Saa sita zitakuwa zimeishafunikwa.