Amana ya rafiki
Rafiki yangu alipokwenda Lubumbashi kumuuguza mama yake, aliniachia miti yake mitatu midogo ya bakuli, ile inayoitwa bonsai. Mmoja aliupanda marehemu mume wake.

Nilimwagilia asubuhi na jioni, nikidhani huo ndio upendo. Mwezi wa saba Kolwezi usiku ni baridi, mti hunywa kidogo. Ule wa marehemu ukaoza mizizi.

Sasa natia kidole kwanza: udongo ukikauka juu, ndipo namwagilia. Vumbi la malori napangusa kwenye majani.

Nilimpigia simu kabla hajarudi. Alinyamaza sana, kisha akasema: «Asante kuniambia, dada. Hiyo miwili iangalie.»

Ukiharibu amana, usingoje mwenyewe aje kuona.