Taa za Usiku na Sheria ya Ufaransa

Miongoni mwa mambo ambayo serikali kadhaa za Ulaya zimeyatungia sheria, limo moja ambalo huenda askari wetu wakaliona dogo: namna ya kuwasha taa za nje. Sisi hatulioni dogo. Mlinzi wa lango na polisi wa doria hukesha na taa hizo, nao ndio wa kwanza kudhurika zinapowekwa ovyo.

Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2013, maduka yaliyokwisha kufungwa hutakiwa kuzima taa za madirisha yao ifikapo saa saba usiku. Amri ya tarehe 27 Desemba 2018 ilikwenda mbali zaidi. Taa mpya za barabarani sharti zimulike chini, wala si angani au katika vyumba vya watu waliolala. Na ule mwanga mweupe wenye ubuluu uliwekewa mpaka.

Wapo wasemao kwamba giza ni rafiki wa mwizi. Hoja hiyo tumeipima, tukaona nusu yake tu ndiyo yenye uzito. Taa impigayo mlinzi machoni humpofusha kwa muda, na adui aliye nyuma ya mwanga huo hujificha pasipo taabu. Jicho huhitaji kiasi cha dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mmuliko mmoja mkali huiharibu kazi hiyo yote. Aliyewahi kushika lindo halihitaji somo hili. Basi taa iliyoinamishwa humfaa yeye kuliko mwizi. Kuzima kabisa taa za mitaa, kama zilivyofanya wilaya nyingi ndogo za Ufaransa bei ya umeme ilipopanda mwaka 2022, ni jambo jingine. Hapo raia ana haki ya kuuliza ni nani anayepita doria.

Kasoro kubwa tunaiona penginepo. Sheria ilikuwapo, msimamizi hakuonekana. Kazi hiyo iliwekwa mikononi mwa mameya, na maduka mengi yakaendelea kuwaka hadi alfajiri. Ndipo vijana wa Paris na Rennes, hodari wa kukwea kuta, walipoanza kuyazima mabango wenyewe kwa swichi za nje zilizowekwa kwa ajili ya wazima moto. Watu waliwashangilia. Sisi tulisita, maana raia anayeparamia ukuta usiku wa manane, hata kwa nia njema, hatofautiani na mhalifu machoni pa askari aliye mbali.

Mwezi wa Oktoba 2022 serikali iliweka faini iwezayo kufikia euro 1,500 kwa matangazo yanayowaka kati ya saa saba usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo ofisi ya meya imefungwa. Aliye barabarani ni polisi.