Nani Amesema Imekufa?

Neno "fungua" limetuponza. Ukimwambia mtu hapa Nairobi afungue laptopu, atainua kifuniko, abonyeze kitufe, angoje. Hakuna anayefikiria bisibisi. Wengi wetu hatujawahi kuona tumbo la kitu kinachotulisha, na ni humo gizani ndimo watu wanatengenezea pesa.

Wacha niseme ninachotaka kusema mapema, ili ukibisha ubishe hicho. Laptopu nyingi ambazo vijana wa mji huu wanaambiwa zimekufa hazijafa. Zina diski ya polepole na RAM kidogo, basi. Vitu hivyo viwili vinabadilishwa kabla mechi haijafika nusu, kwa pesa ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa nyama choma wikendi moja. Na anayekwambia uitupe, mara nyingi ana nyingine ya kukuuzia nyuma ya kaunta.

Mwaka jana dadangu mdogo alipeleka mashine yake kwa duka fulani katikati ya mji. Kazi yake ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa. Analipwa kwa dakika ya sauti, kwa hivyo mashine ikikwama ni yeye anakatwa. Ni ThinkPad X230, toleo la 2012, aliyoachiwa na marehemu mjomba wetu. Ilikuwa inachukua dakika sita kuwaka, na ukifungua vichupo vinne inanyamaza kama mtu aliyekumbushwa deni. Jamaa wa duka aliigeuza, akaigongagonga mgongoni kama tikiti maji, akasema imekufa bodi. Bisibisi hakushika. Halafu akatoa karatasi: hiyo "maiti" ihesabiwe 4,000, dadangu aongeze 6,000 ndio malipo ya kwanza yafike 10,000, kisha alipe 1,200 kila wiki kwa wiki 40. Na mashine yenyewe, kwa pesa taslimu, imeandikwa 38,000. Piga hesabu. Ni 58,000.

Alinipigia akiwa bado kwa kaunta.

"Brathe, wamesema imekufa bodi. Niweke sahihi?"

"Inawaka?"

"Inawaka, lakini polepole."

"Maiti haiwaki. Kuja nayo."

Na kuna swali bado sijapata wa kunijibu: kama bodi ilikuwa imekufa, zile 4,000 zilikuwa za nini?

Tuingie ndani basi. Laptopu nyingi za miaka hiyo zilikuja na diski ngumu, yaani visahani vyembamba vinavyozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachotembea juu yake kikitafuta faili kama sindano ya santuri. Ukiwasha mashine, au ukifungua programu, vinavyohitajika ni vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika huku na kule. Kijimkono kinafikia vipande kama mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka. Ni chipu tupu, na kwa sekunde hiyo hiyo inafikia maelfu kwa maelfu. Wakati huo wote kichwa cha mashine, prosesa, kinakaa tu mikono mfukoni kikingoja kuletewa kazi. Wewe unaona uzee. Ndani hakuna aliyezeeka, kuna mtu anachelewesha wenzake.

RAM nayo, mfikirie mama wa chapati. Meza yake ndiyo RAM, stoo ndiyo diski. Meza ikiwa ndogo, kila mara lazima arudishe kitu stoo ndio apate pa kusukumia kingine. Stoo ikiwa pia iko mbali, wateja wa foleni wataapa kwamba mama ni mzembe. Ya dadangu ilikuwa na GB 4 katika nafasi moja, na nafasi ya pili iko wazi kabisa, haina hata vumbi la kutosha.

Tulienda Luthuli. SSD ya GB 256 ilikuwa 3,200, RAM nyingine ya GB 4, iliyotumika, 1,500, bisibisi 150. Jumla 4,850. Kwa X230, diski inashikiliwa na skrubu moja upande wa chini, na RAM iko nyuma ya kifuniko cha skrubu mbili. Nilimpa bisibisi yeye mwenyewe, nikakaa pembeni na chai. Leo mashine inawaka kabla hajamaliza kuvaa vipokea sauti vyake. Wiki zile 40 zingekuwa bado zinaendelea ninapoandika haya.

Sasa sehemu inayonikera hasa. Ile ya 38,000 haikuwa mpya. Ilikuwa "ex-UK", kama nyingi kwenye rafu za Moi Avenue. Kampuni za Ulaya hubadilisha laptopu za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, hata kama ziko sawa. Zinauzwa kwa jumla, zinasafirishwa, zinapanguswa, nyingi zinatiwa SSD, zinaongezwa RAM, zinabandikwa bei. Sina ugomvi na biashara hiyo. Mashine ninayoandikia sasa ilikuja kwa njia hiyo hiyo, na bila hizo wengi wetu tungekuwa tunaandika kwa simu. Lakini angalia mantiki yake: mashine kuukuu ya karani wa Manchester ikitiwa SSD inakuwa mali, yako ikihitaji SSD inakuwa takataka. Kitu kinachofanywa ni kile kile. Tofauti ni nani ameshika bisibisi, na nani anabaki na deni la wiki 40.

Halafu kuna shinikizo la kutoka mbali zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifika mwisho wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache. Kizazi hicho kilianza kutoka 2017. Kumaanisha laptopu ya 2016 inayofanya kazi yako yote bila kulalamika inaambiwa mlangoni kwamba haijavaa vizuri. Sitakudanganya kwamba ni porojo: mashine isiyopata masasisho ya usalama si mahali pa kuwekea nywila ya benki. Lakini kutoka hapo hadi "nunua nyingine" kuna hatua wameiruka makusudi.

Hatua hiyo ni Linux. Ile tuliyoweka kwa dadangu inaitwa Linux Mint. Ni ya bure, inataka RAM ya GB 2, na kwa raha GB 4. Inapata masasisho, ina kivinjari, ina programu ya kuandikia. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, iliyotoka 2004, na hilo jina huhitaji kamusi kulielewa, ni ndugu wa damu wa utu. Programu yenye jina letu iko pale bure, na sisi tunalipa mia tano tuwekewe Windows ya wizi na kijana ambaye hatujui ameongeza nini kingine humo ndani. Ndiyo, kuna kazi zinazolazimisha Windows. Uliza mteja wako kwanza. Wengi wanachotaka ni kivinjari na faili ifike kwa wakati.

Kwa nini hatujui mambo haya? Chuoni, kabla karo haijanishinda mwaka wa pili, kulikuwa na somo la lazima la kompyuta. Tulichora kipakatalishi kwenye karatasi, tukaandika majina ya sehemu kwa mishale, tukafanya mtihani. Hakuna siku hata moja mashine ilifunguliwa mbele yetu. Na ni mtindo wa nchi nzima. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, na zilipoanza kufika 2016 zilikuwa tableti. Tunajua kuahidi mashine. Sijawahi kusikia mwanasiasa akiahidi bisibisi.

Aibu nayo ina kazi yake. Ukiingia mkahawa wa Kilimani ukatoa ThinkPad nene kama tofali, mezani pembeni kuna mtu na lile tunda lililoumwa, unajikuta unaifunika na begi. Nimeona watu wakichukua mkopo wa simu ili waonekane wanafanya kazi, kabla hawajapata kazi yenyewe. Na hilo tunda, kwa taarifa yako, matoleo yake ya miaka ya karibuni RAM imechomelewa humo humo. Ukinunua ndogo, umezikwa nayo. Watengenezaji wengine wameiga, hasa kwa zile nyembamba. Unalipa zaidi ili uweze kufanya kidogo zaidi.

Kuna rafiki yangu anayehariri video, na ameshaniambia kwamba ninapamba umaskini, kwamba vijana Waafrika wana haki ya vitu vipya kama wengine. Haki wanayo. Yeye mwenyewe anahitaji mashine ya nguvu, na X230 hata ukiijaza SSD hadi masikioni haitamfaa. Mwanafunzi wa usanifu majengo vilevile. Na kuna laptopu ambazo zimekufa kweli: iliyomwagikiwa chai, iliyoungua bodi, hizo kuzifufua ni gharama kuliko thamani. Lakini mimi naongea na anayeandika, anayenukuu, anayefundisha mtandaoni, anayejaza fomu za watu saiba. Kwa huyo, deni la 58,000 siku ya kuanza kazi si haki ya vitu vipya. Ni mwajiri wa pili, na analipwa kabla ya tumbo.

Ukitupa pia, unatupa wapi? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Zilizobaki ziko mahali. Watu wa Dandora hawahitaji kuelezwa hilo.

Ukiamua kufungua, mambo machache, kwa sababu Luthuli nayo si mbinguni. Jua kama mashine yako inatumia DDR3 au DDR4, haziingiliani, pengo la katikati limekaa tofauti, usilazimishe. Ukiuziwa SSD ya TB 2 kwa 2,000, hiyo ni flashi iliyovaa suti. Itakuonyesha nafasi kubwa, kisha itameza faili zako. Ipime kabla hujamlipa mtu. Betri ikiwa imevimba, usiitoboe wala kuibana irudi, mpe fundi aitoe. Kwa mashine yoyote unayonunua, hata hiyo ya rafu, uliza swali moja kabla ya bei: RAM inatoka? Muuzaji akianza kukueleza rangi, ondoka.

Ile diski ngumu ya zamani usiitupe wala kuiacha kwa kaunta ya mtu. Kuna vikasha vya USB vya mia chache, unaichomeka humo inakuwa stoo ya nje. Ya dadangu tulipoifungua hivyo, tulikuta folda ambayo hakuwahi kuigusa: hesabu za chama cha mjomba tangu 2014, nani alilipa, nani alikopa, mstari kwa mstari. Mjane wake alikuwa anabishana na wanachama kuhusu pesa hizo tangu mazishi. Alikuja Jumapili hiyo hiyo na flashi.